Mtoto wa Sabuni

Kifurushi kilifika kwa basi la kutoka Isiolo siku ya Jumanne, kimefungwa kwa leso kuukuu na kamba ya katani. Kabla sijakifungua, jiko langu lote lilikuwa limeshanuka moshi. Si moshi wa kitu kinachoungua. Ni ule moshi mtamu wa ejersa, mzeituni wa porini ambao akina mama wa Kiborana hufukizia vyombo vya maziwa. Wanangu walikuja mbio kuuliza nimeunguza nini. Mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye stuli, kamba mkononi, nimerudi kuwa mtoto wa miaka tisa.

Ndani ya leso kulikuwa na gorfa. Kwa asiyeijua, gorfa ni chombo cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi, zikakazwa hadi maziwa hayapenyi. Kina tumbo pana, mdomo mwembamba na kifuniko chake. Hii ningeitambua hata mngenifunga macho. Aliyeituma ni Sadia, rafiki yangu wa utotoni. Aliweka na kikaratasi, lakini hicho nitakisoma mwishoni, kwa sababu nikianza nacho nitalia na hadithi haitasonga.

Mama yangu alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka moja mjini Isiolo, akishona sare za shule na kupunguza suruali za watu waliokonda kwa kiangazi. Baba alifariki nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Kwao mama ni Meru, na kanisa letu lilikuwa la mabati, dogo, lenye kelele kuliko ukubwa wake. Mwaka huo ninaoukumbuka, mama alisimama mbele ya kanisa hilo akasema anasikia anaitwa kwenda kutumika Sericho.

Sericho ni mbali, mashariki kabisa, kwa wafugaji wa ngamia na ng'ombe, mahali ambapo maji huzungumzwa kama mahali pengine wanavyozungumza siasa. Watu walimcheka. Jirani yetu alimuuliza, "Sasa Mama Gakii, fundi wa nguo aende Sericho kushonea nani? Ngamia?"

"Hata ngamia Mungu akitaka," mama alijibu, na mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani.

Mimi nilivimba kichwa. Kwenye picha za shule ya Jumapili, mmishonari alikuwa mzungu aliyevaa kofia pana na soksi ndefu. Sikuwahi kuona picha ya mmishonari Mmeru mwenye futi ya kupimia shingoni. Nikawaambia wenzangu shuleni kwamba mama yangu ndiye wa kwanza, na kwamba tunangoja kofia tu.

Badala ya kofia tulimpata Mwinjilisti Mwiti. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, mkaidi kama punda wa maji, na ndiye aliyewaandaa wote waliotaka kutumwa. Masharti yake yalikuwa matatu. Kwanza, miezi mitatu ya mdomo, yaani kuhubiri barabarani. Pili, miezi mitatu ya mikono, yaani kutumikia watu ambao hukuzoea kuketi nao, bila kuhubiri neno hata moja usipoulizwa. Mwisho, shahidi wa nje. Alisema imeandikwa kwamba mtumishi awe na sifa njema hata kwa wasio wa kanisa, na yeye alilichukua neno hilo kama lilivyo. Wazee walikwenda kumuuliza mtu asiye Mkristo: huyu tumtume au tusimtume? Akisema msimtume, hutumwi. Walikuwapo watu wazima waliorudi majumbani mwao wakilia kwa sababu ya shahidi wa nje.

Miezi ya mdomo, nakiri, niliona haya. Mama alisimama Jumamosi karibu na steji ya mabasi, Biblia mkononi, na sauti yake haikufika mbali. Kijana mmoja aliyekuwa akiandaliwa pamoja naye alinguruma hadi mbuzi wakageuka, lakini mama alihubiri kama mtu anayemweleza mteja kwa nini sketi imechelewa. Vijana wa boda boda walimtania. "Mathe, ongeza volyum! Yesu hajaskia!" Mama alicheka pamoja nao. Mmoja alipomwambia zipu ya jaketi lake imekufa, alifunga Biblia, akalichukua jaketi, akalirudisha Jumamosi iliyofuata likiwa zima, kisha akaendelea na mahubiri pale alipoachia. Nilidhani anashindwa. Mwinjilisti Mwiti, aliyekuwa akitazama kutoka kivulini, aliandika kitu kwenye daftari lake na kutabasamu, nami nikadhani ananionea huruma.

Kisha ikaja miezi ya mikono, na mama akachagua soko la maziwa.

Pale ndipo maziwa ya ngamia yalipofika asubuhi kutoka porini, kwenye mitungi ya plastiki ya manjano, yakapimwa na kupakiwa kwenye mabasi ya Nairobi. Ilikuwa biashara ya akina mama wa Kiborana na Kisomali, na malkia wao, ingawa hakuna aliyemvika taji, alikuwa Mama Dahabo. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito na jino moja la dhahabu, na alijua mtungi wenye maziwa yaliyochanganywa na maji kwa kuutikisa tu. Sadia alikuwa bintiye wa mwisho, rika langu.

Mama alimwendea asubuhi, mimi nimeshika sketi yake.

"Salaam aleikum, Mama Dahabo."

"Aleikum salaam. Wewe si ni ule fundi anahubiri pale steji?"

"Ndiye mimi."

"Sasa unakuja kubadilisha mimi dini?"

"Nimekuja kuosha mitungi. Kila asubuhi kabla ya kufungua kazi. Bure."

"Na dini?"

"Ukiniuliza nitakuambia."

"Sitauliza."

"Basi tuoshe," mama akasema, na akakunja mikono ya sweta.

Mama Dahabo alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamsukumia mtungi kwa mguu. Aliosha huo, akaosha mwingine. Siku zikageuka wiki. Mitungi ilisuuzwa kwa maji ya moto, ikafukizwa, ikapangwa juani. Wiki ya tano Mama Dahabo alimpa chai. Wiki ya saba alimwachia kibanda akaenda kuswali. Nilipokuwa nimefunga shule nilishinda pale na Sadia, tukigombana juu ya nani atapewa povu la maziwa.

Na gorfa ilining'inia kwenye msumari, ndani kabisa. Mama Dahabo alikuja nayo alipoolewa, na mama yake naye aliletwa nayo. Humo aligandisha maziwa lala ya ng'ombe, si ya kuuza, ila ya wagonjwa na wazee na mwanamke aliyejifungua. Siku moja Sadia aliishusha akanionyesha ndani yake. Ilikuwa nyeusi ti, nyeusi ya kung'aa.

Sasa ni lazima nieleze kuhusu moyo. Kwenye shule yetu ya Jumapili kulikuwa na bango lenye mioyo miwili. Mmoja ulikuwa mweusi kwa dhambi, na wa pili mweupe, umeoshwa. Mwalimu aligonga ule mweusi kwa fimbo na sisi tukapiga kelele, "Uoshwe!" Nilikuwa nimepiga kelele hiyo Jumapili baada ya Jumapili. Nikaitazama gorfa, nikamtazama Mama Dahabo ninayempenda, nikakumbuka kwamba zimebaki wiki tatu wazee waje kumuuliza shahidi wa nje, na kichwani mwangu yote yakajipanga sawasawa. Nikaona nimepewa kazi yangu mwenyewe ya umishonari.

Ijumaa, Mama Dahabo na Sadia walikwenda kuswali, na mama alikuwa amepeleka mitungi kwenye basi. Niliambiwa nikae niangalie kibanda. Nilichukua sabuni ya unga iliyokuwa ya vikombe, nikachota mchanga, nikaishusha gorfa. Nilitia mkono wangu wote ndani nikasugua. Nilisugua huku nikiimba. Maji yalitoka meusi kama chai ya rangi, nikayamwaga, nikarudia, hadi yakatoka kahawia, hadi nikaziona nyuzi zenyewe ndani, rangi ya majani makavu. Sijawahi kujisikia mtakatifu hivyo tena maishani. Nikaining'iniza mahali pake nikangoja kusifiwa.

Mama Dahabo alirudi, akachukua maziwa ya ng'ombe aliyoletewa, akamimina ndani ya gorfa bila kuangalia, kwa mazoea ya miaka. Yakaanza kutiririka. Yalitoka kwenye kila mshono, pamoja na povu, yakalowesha mbele ya dera lake na mchanga miguuni pake. Aliinua gorfa, akainusa. Akainusa tena. Sikujua kwamba weusi ule ndio ulioishika. Ulikuwa moshi na mafuta ya maziwa ya wanawake wawili, siku juu ya siku, umeziba matundu ambayo nyuzi peke yake haziwezi kuziba. Sikuondoa uchafu. Niliondoa kile chombo chenyewe, nikabakiza kikapu.

"Nani ameosha hii?" Mama Dahabo aliuliza. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Mama alikuwa amefika mlangoni. Aliitazama gorfa. Kisha akaitazama mikono yangu, iliyokuwa myekundu na iliyokunjamana hadi kwenye viwiko.

"Ni mimi, Mama Dahabo," akasema. "Nisamehe."

Mama Dahabo alimtazama, akanitazama na mimi. Nilificha mikono yangu mgongoni. Nilikuwa nimeelewa jambo moja tu: nimeua safari ya Sericho, na nikisema, dunia nzima itajua ni mimi.

Njiani kwenda nyumbani mama hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alisema tu, "Gakii, nimesema uongo pale, na uongo ni uongo. Wangu nitautengeneza mimi. Wako ni kunyamaza, na huo siwezi kuutengeneza. Utakapokuwa tayari, utasema." Kisha akaninunulia ndizi. Ile ndizi haikushuka.

Asubuhi iliyofuata nilidhani hatutarudi sokoni. Mama alirudi. Mama Dahabo hakumpa chai, hakumsalimu zaidi ya kuitikia, lakini hakumfukuza. Mama akaosha mitungi yake, akamaliza, akauliza, "Gorfa inatengenezwaje?"

"Haitengenezwi. Inangojewa."

"Basi nifundishe kungojea."

Ndivyo mama yangu alivyojifunza. Aliwaagiza wabeba kuni wamletee ejersa, akapasua vijiti vyembamba, akavichoma hadi vikawa makaa, akaviangusha ndani ya gorfa, akafunika, akatikisa, akatoa majivu. Akapaka samli ndani kwa kijiti chenye nyuzi. Akamimina maziwa kidogo na kuweka gazeti chini aone yanavuja wapi. Gazeti lililowa lote. Kesho yake akafanya tena, na kesho yake tena. Macho yalimwiva kwa moshi, nguo za wateja zikaanza kunuka ejersa, na mama mmoja wa kanisa akamwambia anadhalilisha injili kwa kuwa mtumwa wa wauza maziwa. Mama alimjibu, "Wewe subiri sare ya mwanao, itafika." Kila siku lile doa kwenye gazeti lilipungua kidogo. Mimi nililitazama likipungua, nikijua doa langu halikupungua hata kidogo.

Siku ya shahidi ikafika. Mwinjilisti Mwiti alikuja na wazee wawili wa kanisa. Mama Dahabo hangekwenda kanisani na hakuna aliyemwomba, kwa hiyo wazee walikuja kibandani kwake wakaketi juu ya mitungi iliyopinduliwa, magoti yakiwafika kidevuni. Alimimina chai ya maziwa ya ngamia kwa kila mtu. Mama alisimama pembeni akiwa na futi yake shingoni. Mimi na Sadia tulikaa nyuma ya magunia.

"Mama Dahabo," Mwinjilisti akaanza, "unamjua huyu. Tumtume kwa watu wa Sericho, au tusimtume? Sema kama unavyoona, hatutakasirika."

Mama Dahabo aliweka birika chini. "Anafanya kazi," akasema. "Hachoki. Hasengenyi mtu. Miezi mitatu hakuniambia maneno ya dini, na nilikuwa nangoja aanze nimfukuze." Wazee wakacheka kidogo. "Lakini ni mwongo."

Hakuna aliyecheka tena. Mwinjilisti aligeuka. "Mama Gakii, ni kweli?"

"Ni kweli," mama akasema. "Nilimdanganya kuhusu gorfa yake." Angeweza kumalizia. Neno moja tu lingetosha, jina langu. Hakulitaja.

Sijui miguu ilinitoa vipi nyuma ya magunia. Najua nilimwaga chai ya mzee mmoja. "Ni mimi!" nilisema, na nikaanza kulia kwa ile sauti mbaya ya kwikwi. "Niliosha mimi! Na sabuni na mchanga! Mama hakujua! Nilitaka iwe nyeupe!"

Mama Dahabo hakushangaa hata kidogo. "Wewe intala," akasema, yaani msichana kwa Kiborana, "lete mkono." Aliishusha gorfa, akaushika mkono wangu na kuuingiza kwenye ule mdomo mwembamba, hadi kwenye kiwiko. Kisha akajaribu kuingiza wake. Vidole vikagoma kwenye vifundo. Akamvuta mama ajaribu naye. Mkono wa mama, mpana kwa kazi, uligoma vilevile.

"Mnaona?" akawaambia wazee. "Mtu mzima haingii hapa. Tunasafisha na kijiti. Mimi nilijua ile siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?" Mwinjilisti Mwiti akauliza.

"Nilikuwa nangoja huyu." Akanifuta kamasi kwa ncha ya ushungi wake. "Kudanganya kwa ajili ya mtoto, hiyo kila mama anafanya, hata mimi ningefanya. Lakini kurudi hapa kila asubuhi kula moshi kwa kosa si yako, hiyo sijaona. Na huyu mdogo amejitoa mwenyewe, hakuna mtu alimvuta. Sasa andika kwa kitabu yako." Akanyoosha kidole kwenye daftari. "Andika hivi: dini yao ni yao, yangu ni yangu. Lakini mkienda Sericho na mtu mwingine, mimi Dahabo nitakasirika."

Mwinjilisti aliandika. Mama, aliyestahimili utani wa steji na masimango ya wenzake kanisani, alijifunika uso kwa futi ya kupimia na akalia. Nilimtazama, fundi wa nguo aliyenuka moshi, na nikajua kwamba sihitaji tena kofia ya mtu yeyote. Sijawahi kuacha kujivunia asubuhi ile. Nimesoma, nimepata kazi, nimesimama mbele ya watu wakubwa, na bado kitu kikubwa ninachoweza kusema juu yangu ni kwamba mimi ni mtoto wa mwanamke yule.

Kabla wazee hawajaondoka, Mama Dahabo alitoa simu yake kubwa akampigia dada yake Sericho. Aliongea Kiborana kwa sauti ya kufika kule hata bila simu, na Sadia akawa amejikunja chini kwa kicheko. Nilimbana mbavu anitafsirie.

"Anasema kuna mtu mzuri anakuja, wampe nyumba karibu na kisima," Sadia alisema akihema. "Na ana mtoto. Mtoto wampende, lakini wasimpe sabuni."

Tulikaa Sericho miaka kumi na moja. Mama alishona, alihubiri kwa sauti yake ile ndogo, alizalisha wanawake, alipanga foleni ya maji kama kila mtu. Yale ni ya siku nyingine. Na ni kweli, miezi yote ya mwanzo hakuna nyumba iliyonikubalia nioshe kikombe.

Mama Dahabo alifariki mwezi uliopita. Mama, ambaye siku hizi amerudi Isiolo na cherehani yake, alishinda msibani siku tatu akipika na akina mama wa soko. Alipokuwa akigawa vitu vyake kabla hajafa, Mama Dahabo hakumpa gorfa binti yake yeyote. Kikaratasi cha Sadia kina mstari mmoja tu: "Mama alisema, hii apewe yule mtoto wa sabuni."

Nimeifungua. Ndani ni nyeusi ti, nyeusi ya kung'aa, na mkono wangu hauingii tena. Nilimimina maziwa, nikatandika gazeti kwenye meza, nikaiweka juu yake, nikakaa kuitazama mchana kutwa kama mwendawazimu. Jioni nilimpigia mama.

"Imevuja?" aliuliza, hata salamu hakungoja.

"Gazeti ni kavu, mama. Kavu kabisa."

Nilisikia cherehani ikisimama.

"Asante Mungu," akasema. "Sasa toka hapo jikoni kabla hujaiosha."